Meno ya kahawia si uchafu: aibu iwarudie wenye deni la maji

GOMA – Katika mji wa Goma, Sake, Rusayo na vijiji vilivyo chini ya volkano, kuna watu wazima ambao hawajacheka waziwazi tangu utoto wao. Wakichekeshwa, wanaweka mkono mbele ya mdomo. Wakipigwa foto ya kadi ya mpiga kura, wanabana midomo. Sokoni kuna muuza sambaza anayetaja bei huku ameshika kitenge mdomoni. Si kwamba watu hao hawana furaha. Meno yao yana rangi ya kahawia, yana mistari na madoa, mengine yana vishimo vidogo vidogo, na tangu shule ya msingi wameambiwa kwamba hiyo ni dalili ya uchafu.

Maneno hayo ni ya uongo. Na uongo huo umedumu kwa sababu una faida kwa wengi. Unamfaa mwenye kucheka, maana anajiona msafi bila kufanya kitu. Unamfaa mwenye kuuza unga wa kungarisha meno barabarani. Zaidi ya wote, unamfaa kila mwenye madaraka ambaye kazi yake ilikuwa kuwapa watu maji mazuri ya kunywa. Mtu akiamini kwamba meno yake yameharibika kwa uvivu wake mwenyewe, hatauliza swali lolote juu ya maji.

Maji, si mswaki

Tatizo hilo lina jina: florosisi ya meno. Linaletwa na madini ya floridi yakizidi ndani ya maji ya kunywa. Floridi kidogo inasaidia jino kuwa gumu, ndiyo maana inatiwa ndani ya dawa ya mswaki. Ikizidi, inaharibu gamba la nje la jino wakati jino lenyewe bado linajengwa ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeweka mpaka wa miligramu 1,5 za floridi kwa lita moja ya maji. Maji yakipita hapo kwa muda mrefu, watoto wanaokua wakiyanywa wanakuwa hatarini.

Upande huu wa Kivu Kaskazini, floridi haikuletwa na mtu. Volkano Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa moshi wenye salfa, klori na floridi. Upepo mara nyingi unausukuma moshi huo kuelekea magharibi, juu ya Rusayo, Sake na milima ya Masisi. Mvua ikinyesha kupitia moshi, inashuka nayo. Hata maji ya chemchemi, yanapopita ndani ya mawe ya volkano, yanaweza kubeba madini hayo. Na kwenye miteremko ya Nyiragongo hakuna mito ya kuchota, kwa sababu maji yanazama haraka ndani ya mawe. Familia nyingi zinategemea mvua inayoanguka juu ya nyumba zao.

Kila mwenye nyumba Rusayo anajua kwamba mabati hayadumu. Yanashika kutu mapema, yanatoboka, yanabadilishwa wakati mabati ya mahali pengine bado yanang'aa. Watu wote wanakubali kwamba ni mvua ya volkano inayoyala. Hakuna anayelisimanga bati. Hakuna anayesema bati ni chafu au mwenye bati ni mvivu. Lakini mvua hiyo hiyo ikitoka kwenye bati, ikaingia ndani ya bidoni, kisha ndani ya kikombe cha mtoto, siku meno yatakapotokea na madoa, mtoto ndiye anayeshtakiwa.

Kuna jambo lingine ambalo wenye kucheka hawalijui. Gamba la meno ya mbele ya ukubwani linajengwa katika miaka ya kwanza ya mtoto, na meno hayo yanatokea nje akiwa na miaka 6, 7 au 8. Kwa hiyo doa linaloonekana mtoto akiwa darasa la pili, liliingia wakati alipokuwa anajifunza kutembea. Jino hilo la ukubwani lilikuwa bado halijatokea ili lisuguliwe. Mtu aliyehamia Goma akiwa na miaka 30 anaweza kunywa maji yale yale kila siku, na meno yake yasipate madoa hayo, kwa kuwa yalikwisha kujengwa mahali pengine. Ndiyo sababu mgeni kutoka Butembo au Kisangani anakaa meza moja na mzaliwa wa Sake, wanachota robine moja, mmoja ana meno meupe na mwingine ana ya kahawia. Kisha yule wa meno meupe anafikiri amemshinda mwenzake kwa usafi. Hakumshinda kitu. Alizaliwa penye maji tofauti.

Wala jambo hili si la Goma peke yake. Huko Tanzania, watu wa Arusha na Kilimanjaro wanajulikana kwa meno ya kahawia, na sababu ni ile ile, maji yenye floridi ya nchi ya volkano. Kenya kuna hali hiyo upande wa Nakuru, na Ethiopia kwenye Bonde la Ufa. Mamilioni ya Waafrika wana meno hayo. Si laana ya ukoo, si ugonjwa wa kuambukizana, na haitoki kwa mswaki.

Kicheko kina bei

Wako watakaosema kwamba ni utani tu. Utani huo unaanza darasani. Mwalimu anamwambia mtoto mbele ya wenzake: « Weye, haupigake muswaki? » Darasa zima linacheka. Kuanzia siku hiyo, mtoto haombi kusoma kwa sauti. Akijua jibu, ananyamaza. Mwisho wa mwaka anaandikiwa kwamba hashiriki katika masomo.

Akikua, kicheko kinamfuata. Kijana anatafuta kazi ya kupokea wageni, anaangaliwa mdomo kabla ya diploma. Binti akiposwa, shangazi za upande wa mwanaume wanateta pembeni, wanauliza kama watoto nao watakuwa na meno ya namna hiyo. Jibu ni kwamba meno hayo hayarithiwi kama rangi ya macho. Watoto wakikulia kwenye maji mazuri, watakuwa na meno ya kawaida. Lakini shangazi hakuambiwa hivyo na mtu yeyote, na mahari inakwama.

Kwa familia za wahami wa vita, kicheko kinauma mara mbili. Mtu amepoteza shamba, ng'ombe na nyumba. Amefika katika mtaa wa watu, anaomba pa kulala au kazi ya siku moja. Mwili wake ndio kitu pekee alichobaki nacho. Akisimangwa na mdomo wake pia, amebakiwa na nini?

Aibu hiyo inapeleka watu kwenye hatari. Wengine wanasugua meno kwa mchanga, majivu, unga wa matofali au makaa yaliyosagwa. Wengine wanapaka ndimu au javeli. Wengine wanamlipa fundi wa barabarani awakwaruze kwa tupa. Doa la florosisi haliko juu ya jino kama tope juu ya kiatu, limo ndani ya gamba. Kwa hiyo mwenye kusugua hivyo anaondoa gamba lenyewe, na baada ya muda mfupi hawezi tena kunywa maji ya baridi au chai ya moto bila kuumia. Aliyekuwa na jino lenye doa lakini zima, anabaki na jino bovu. Muuza unga amekwisha kwenda na pesa.

« Watu wanakufa kwa risasi, ninyi mnasema meno »

Hoja hiyo inatolewa kila mara, na wanaoitoa si watu wabaya. Vita ipo, kipindupindu kipo, njaa ipo. Lakini hoja hiyo haisimami, na kuna sababu tatu.

Ya kwanza: maji ni yale yale. Anayepima maji kwa ajili ya kipindupindu amekwisha kufika penye chemchemi, ameshika chupa mkononi. Kupima floridi katika chupa hiyo hakuhitaji vita kuisha. Kinachohitajika ni uamuzi.

Ya pili: mdomo unaua. Kuna ugonjwa unaoitwa noma. Unaanza kama kidonda kwenye fizi ya mtoto mdogo mwenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua. Kwa siku chache unaweza kula shavu na mfupa, na wasipotibiwa, watoto wengi wanakufa. Ukiwahi mapema, unatibika kwa antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula kizuri. Mwezi wa 12 mwaka wa 2023, OMS iliuweka noma katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Utapiamlo, surua na maisha ya kubanana ndani ya hema, hayo yote yako kambini. Shirika la kiutu linalojenga kituo cha afya bila kumfundisha muuguzi kuangalia ndani ya mdomo wa mtoto, linaacha mlango mmoja wazi.

Ya tatu: muda hausubiri. Gamba la jino linajengwa mara moja tu katika maisha. Mtoto aliyekunywa maji mabaya akiwa na miaka 2 hawezi kurudishwa nyuma amani ikirudi. Nyumba iliyochomwa inaweza kujengwa tena. Gamba la jino halijengeki mara ya pili.

Hapo ndipo wahami wanapohusika kuliko watu wote. Tangu mwaka wa 2022 na 2023, maelfu ya familia kutoka Rutshuru, Nyiragongo na Masisi zilikimbilia Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Watoto walizaliwa chini ya mahema. Lori la maji lilipochelewa, mama alitega karai na kukusanya mvua iliyoteremka kwenye plastiki, chini ya moshi wa volkano. Alifanya alichoweza, na hakuna wa kumlaumu. Mwezi wa pili mwaka wa 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, watu wakaondoka. Lakini ikiwa maji hayo yalikuwa na floridi nyingi, kazi yake inaendelea ndani ya mataya ya watoto. Meno yao ya ukubwani yatatokea miaka inayokuja, wakiwa tayari Masisi, Rutshuru au mahali pengine wasikojulikana. Watachekwa huko, na hakuna atakayekumbuka karai lile. Ndiyo maana inafaa kuandikwa sasa, kabla meno hayajatokea.

Jino likiuma, koleo

Kando ya florosisi kuna meno yaliyooza, ambayo ni jambo lingine. Hayo yanatokana na sukari na kukosa usafi na matunzo, na yanaumiza. OMS inahesabu karibu watu bilioni 3,5 duniani wenye magonjwa ya kinywa. Kwa hiyo si aibu ya mtu mmoja wala ya kabila moja.

Katika vituo vingi vya afya vya vijijini, mwenye kuumwa jino anapata mambo mawili: vidonge vya kutuliza maumivu, au koleo. Anavumilia wiki nyingi kwa vidonge, uso unavimba, mwishowe jino linang'olewa. Anatoka na pengo, na pengo nalo linachekwa. Jino ambalo lingezibwa likiwa na tundu dogo limetupwa ndani ya ndoo.

Wanaosema kwamba haiwezekani kuziba meno bila umeme na mashine za bei kali, hawajui historia ya jirani zao. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, wataalamu walianza kutibu meno yaliyooza kwa vyombo vya mkono peke yake. Wanakwangua sehemu iliyooza na kuziba tundu kwa saruji maalum inayoshikamana na jino na kulilinda. Hakuna jenereta wala mashine ya kutoboa. Mwaka wa 1994 OMS ilianza kuitangaza njia hiyo duniani. Mwaka wa 2021 nchi wanachama walipitisha azimio juu ya afya ya kinywa, na mwaka huo huo OMS ikaiweka saruji hiyo katika orodha ya dawa za lazima, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi. Dawa za lazima ni zile zinazotakiwa kupatikana katika kila mfumo wa afya. Njia iliyozaliwa ng'ambo ya ziwa Tanganyika karibu miaka 40 iliyopita bado haijafika kwa mkulima wa Kitshanga. Sababu haiwezi kuwa umeme.

Nani mwenye deni

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria juu ya maji ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 nayo ipo. Maji ya kunywa maana yake si maji yoyote yanayotiririka kwenye robine. Ni maji ambayo mtoto anaweza kuyanywa miaka 8 bila kuharibika. Anayekusanya kodi na kushika madaraka, awe nani, amerithi pia deni hilo. Volkano si kosa la mtu. Kukaa kimya juu ya kile ambacho volkano inatia ndani ya maji, hilo ni kosa.

Yanayodaiwa si makubwa. Kwanza, kila chemchemi, kila robine ya jamii na kila tangi linalohudumia wahami lipimwe floridi, na namba iandikwe hapo hapo, kama bei ya bidoni inavyoandikwa. Goma ina kituo cha kuchunguza volkano, OVG, na ina vyuo vikuu, kwa hiyo watu wenye ujuzi wa kupima wapo. Pili, redio za jamii zisome namba hizo kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kihunde na Kinande, kama zinavyosoma bei za soko. Tatu, maji yenye floridi kidogo yapelekwe kwanza kwa familia zenye watoto chini ya miaka 8, na yale makali yachanganywe na mazuri au yabaki ya kufulia. Tanzania na Kenya wanatumia vichujio vya makaa ya mifupa kupunguza floridi. Njia inajulikana. Nne, katika kila kituo cha afya kinachopokea wahami, muuguzi mmoja afundishwe kutambua noma na kuziba jino. Tano, shule zikataze walimu kumsimanga mtoto kwa meno yake.

Wakati deni linadaiwa, wazazi nao wana la kufanya. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji makali, kwa hiyo kunyonyesha ni kinga. Mvua ya kwanza baada ya siku za jua, inayoosha majivu ya volkano kwenye mabati, iachwe imwagike, kisha ndipo kutega. Kama kuna chanzo kingine cha maji, hata mbali kidogo, yale ya kule yawekwe kwa ajili ya watoto wadogo. Dawa ya mswaki isitupwe, inazuia kuoza, ila mtoto wa chini ya miaka 3 anatosheka na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, naye afundishwe kuitema.

Na lifahamike vizuri: kuchemsha maji hakuondoi floridi, wala klori haiiondoi. Lakini klori na kuchemsha vinazuia kipindupindu, ambacho kinaua kwa saa chache. Mtu asiache kutia dawa kwenye bidoni kwa sababu ya kuogopa madoa. Vyote viwili vinadaiwa, maji yasiyo na vijidudu na maji yasiyo na floridi nyingi. Kupewa kimoja si sababu ya kunyimwa kingine.

Kwa mwenye meno ya kahawia tayari, kuna neno moja la ukweli: jino lenye doa la kawaida linatafuna kama jino lingine na linaweza kudumu mpaka uzee likitunzwa. Likiwa na vishimo vingi, muganga wa meno anaweza kulifunika, kama yupo na kama pesa ipo. Lakini hata bila muganga, hakuna deni la aibu upande wake. Hakuchagua mvua, hakuchagua mlima, hakuchagua mahali vita ilipompeleka.

Kwa hiyo mtoto wa Rusayo akiingia darasani na meno hayo, asiulizwe tena kama ana mswaki. Aulizwe: kwenu mnachota wapi? Na jibu lake lipelekwe kwa wenye deni.